Kitabu Kilichotoka Kwenye Mtihani

Anayependa kitabu hutaka mwenzake akipende pia, na hapo ndipo hesabu inapomkwamisha. Nakala ni moja. Ukimpa jirani wiki tatu za kusoma, naye akaipitisha kwa mwingine siku ileile anayoimaliza, kwa mwaka mzima itakuwa imesomwa na watu 17, tena iwapo hakuna aliyeugua, aliyesafiri wala aliyeshikwa na palizi. Isitoshe, msomaji wa kumi anapofika sura ya mwisho, yule wa kwanza keshasahau hata majina ya wahusika. Wengi wamesoma, na kila mmoja amesoma peke yake.

Hapa Amukura, Teso Kusini, kikundi chetu cha wasomaji kimeiruka hesabu hiyo kwa kutumia nakala zilizokuwa zimelala majumbani: vitabu teule vya fasihi, vile ambavyo wanafunzi huviita setibuku, vilivyokwisha kuondolewa kwenye mtihani wa KCSE. Naeleza namna tunavyofanya kwa sababu naamini jambo hili linawezekana Malaba, Nambale, Funyula na popote ambapo maktaba iko mbali na watu.

Mbinu ya zamani ya kufikisha vitabu vijijini katika Afrika Mashariki ilikuwa sanduku. East African Literature Bureau, shirika lililoundwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuongozwa na Charles Richards, lilichapisha vitabu na pia kuendesha huduma ya maktaba. Masanduku ya vitabu yalipelekwa vijijini, yakakaa kwa muda, kisha yakabadilishwa kwa mengine. Msomaji wa mbali aliweza kuazima kwa posta. Baada ya uhuru, kazi hiyo ilichukuliwa na mashirika ya maktaba ya kitaifa yaliyoundwa kwa sheria, Tanganyika (sasa Tanzania) mwaka 1963, Uganda 1964 na Kenya 1965. Ngamia wa Garissa, walioanza kubebeshwa vitabu mwaka 1996, ni wajukuu wa sanduku lile.

Ukilichunguza sanduku utaona limejengwa juu ya wingi wa mada. Mkutubi hajui ni nani anayesubiri kule mwisho wa safari, kwa hiyo hupakia vitabu vingi tofauti, kila kimoja nakala moja, akitumaini kila mtu atapata chake. Kwa msomaji anayejisomea, huo ni mpango mzuri kabisa, na nausifu. Lakini kwa watu wanaotaka kusoma kitabu kimoja wiki moja na kukizungumzia wakiwa pamoja, unahitaji kinyume chake: mada moja, nakala nyingi. Maktaba gani ya kijijini itanunua nakala thelathini za riwaya moja?

Mfumo wa mitihani wa Kenya umezinunua tayari, kwa pesa za wazazi. *Kidagaa Kimemwozea*, riwaya ya Ken Walibora, ilitahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017. Katika miaka hiyo mtoto aliyefika kidato cha tatu alikuwa anaitafuta, na mzazi aliuza kuku au mahindi ili inunuliwe. Mwaka 2018 nafasi yake ikachukuliwa na *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, na zile nakala zote zikakosa kazi kwa mpigo. Nyingine ziliuzwa kwa wafungashaji njugu. Nyingi zilibaki chini ya vitanda na juu ya makabati, pamoja na *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed na *Siku Njema* ya Walibora zilizostaafu kabla yake.

Kuzikusanya hakuhitaji bajeti. Tangazo hutolewa kanisani baada ya ibada, hurudiwa kwenye vyama vya akina mama na kwenye steji ya bodaboda. Tuligundua mapema kwamba ukisema unaomba mchango wa vitabu, watu husitasita, lakini ukisema kitabu cha binti yako kitasomwa hapahapa nawe njoo usikie, huletwa jioni hiyohiyo. Kisha kuna ufundi wa mkono. Nakala ya mwanafunzi huumia mwanzoni na mwishoni, kwa sababu kurasa hizo ndizo zinazosuguana na vitu vingine mkobani. Nakala mbili vilema huzaa moja nzima. Mgongo uliolegea hushonwa kwa sindano ya gunia, hupakwa gundi, na juu yake huvikwa karatasi ya kaki na nailoni. Kabla ya kuingiza nakala kwenye seti, linganisha namba za kurasa, maana matoleo mawili ya kitabu kimoja yanaweza kupishana, na hakuna kinachovuruga kikao kama watu kutafutana kwenye kurasa tofauti.

Tatizo gumu zaidi liko pambizoni mwa kurasa. Karibu kila nakala imeandikwa kwa kalamu: "sifa za Amani", "tashbihi", "maudhui: ufisadi". Hizo ni nyayo za mtu aliyesoma kwa hofu ya alama. Wengi waliopita shuleni wanawajua Amani, Imani na Mtemi Nasaba Bora, wahusika wa *Kidagaa*, bila kuwahi kuisoma riwaya yenyewe. Walisoma mwongozo, ule muhtasari unaouzwa pembeni, wakafaulu. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu hukirudisha upesi akisema anakijua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayeongoza kikao ni kukitenga kitabu na mtihani, na kazi hiyo hufanywa na maswali.

Kila Mkenya aliyesoma fasihi anakumbuka swali la kujadili ufaafu wa anwani. Hilo hatuliulizi. Swali letu la kufungulia ni hili: kati ya watu hawa, ni nani ungemkopesha pesa? Mwalimu aliyefundisha riwaya hiyo miaka mitano na mama auzaye omena huanzia mahali pamoja, kwa sababu kukopesha ni jambo ambalo wote wawili wamelipima. Ili kujibu, lazima urudi kwenye kurasa utafute mhusika aliahidi nini na alitimiza nini. Huo ndio uchambuzi wa wahusika wenyewe, umeingia bila kubisha hodi. Katika *Kidagaa*, Mwalimu Majisifu ndiye aliyetuchukulia muda mrefu zaidi. Ni msomi, ana huzuni zake nyumbani, na amechapisha muswada wa kijana Amani kwa jina lake mwenyewe. Wapo waliomsamehe ulevi wakakataa kumsamehe muswada. Na tulipofika kwenye ardhi ambayo Mtemi ameipora, swali halikuhitajika tena. Katika eneo hili kila ukoo una jambo la kusema kuhusu mipaka ya shamba.

Sura ya kwanza husomwa yote kwa sauti, kwa zamu, kabla ya mtu yeyote kuchukua nakala. Naishikilia sana hatua hii. Ateso ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi wetu, Kiswahili ni cha sokoni na barabarani, na wapo wanaokizungumza vizuri sana lakini macho yao hayajakizoea kwenye karatasi. Sikio likishapata sauti ya mwandishi, jicho hulifuata. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa wenzetu wanaovuka kutoka upande wa Tororo. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini watu wazima hawakukipata darasani. Wao husikiliza wiki za kwanza, kisha huanza kuazima. Majadiliano yakihamia Ateso hatuyazuii.

Mpangilio wa vitabu nao una uzito. *Siku Njema* inafaa kutangulia, ijapokuwa *Kidagaa* ina mambo mengi zaidi ya kubishania. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta baba yake nchini Kenya, na njia yake inamleta hadi pande za Kitale, mji ambao watu wa hapa wanaujua kwa mahindi na kwa jamaa waliohamia huko. Riwaya ya safari humsukuma msomaji mchanga mbele, kwa sababu sura ikiisha anataka kujua mtu huyu atalala wapi usiku huu. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka Malaba wameipenda kuliko kundi lolote jingine nililoliona. Kwao tunatoa nakala zisizo za seti, tukijua zinaweza kuishia Juba au Kigali. Ni kwaheri njema kwa kitabu.

Jaribio letu la kuingiza *The River and the Source* ya Margaret Ogola halikufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Naipenda riwaya hiyo kwa moyo wote. Akoko, mhusika wake, ni miongoni mwa wanawake wakubwa wa fasihi yetu, na nakala za riwaya hiyo zimejaa kila kijiji. Lakini tulipoisoma kwa Kiingereza, mazungumzo yalihamia Kiingereza, na wale walioacha shule mapema, ambao katika *Siku Njema* walikuwa wasemaji wetu bora, walinyamaza wiki baada ya wiki. Sasa husimuliwa kwa Kiswahili, sura kwa sura, na aliyeisoma. Anayetaka nakala huichukua baadaye.

Ipo kanuni moja tusiyoivunja: kitabu ambacho bado kinatahiniwa hakikusanywi. Kukitoa nyumbani ni kumnyang'anya mtoto silaha yake. Wala hatutoi fotokopi. Ken Walibora alifariki Aprili 2020, na vitabu vyake vingine bado viko madukani. Msomaji aliyeguswa na *Siku Njema* huelekezwa anunue *Kufa Kuzikana*, au tawasifu yake *Nasikia Sauti ya Mama*. Wanunuzi wa aina hiyo wapo, na walianza na nakala ya bure yenye wino wa mtu mwingine pambizoni.

Sasa kuna fursa ambayo haitarudi. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa 2027, na baada yake vitabu teule vya mfumo huo vitastaafu vyote pamoja. *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi na *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege zitakuwa humo, riwaya na tamthilia kwa wakati mmoja, na tamthilia ndiyo inayofaa zaidi kusomwa kwa sauti na watu wengi. Wafungashaji njugu watafika Desemba hiyohiyo. Anayetaka kuanzisha kikundi aorodheshe kuanzia sasa nyumba zenye watahiniwa, azungumze na wazazi, na atafute kabati lenye miguu ya chuma, maana mchwa wa Teso hawasubiri mtu amalize sura.