Mikono ya Ray Harryhausen

Ray Harryhausen, mzaliwa wa Los Angeles, aliitazama filamu ya King Kong mwaka 1933 akiwa bado mtoto, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine ila kuhuisha vikaragosi kwenye filamu. Baba yake, fundi mitambo, alivitengenezea vikaragosi vyake mifupa ya chuma. Mama alivishonea mavazi. Kuhuisha vikaragosi kunadai subira kubwa: unakisogeza kikaragosi kidogo mno, unapiga picha, unakisogeza tena, picha 24 kwa kila sekunde. Pambano la viunzi saba vya mifupa dhidi ya watu watatu katika Jason and the Argonauts, filamu ya 1963, lilimchukua zaidi ya miezi minne. Litazame leo: kila kiunzi kina hasira yake. Tuzo ya Oscar ya heshima alipewa 1992. Ilichelewa mno.