Kitabu Kinapogeuzwa Kuwa Filamu: Musa, Pinocchio na Roboti Mbele ya Sheria na Injili

Filamu za katuni zimezoeleka kuhesabiwa kuwa mambo ya watoto, na kwa sababu hiyo watumishi wengi wa Kanisa huzipita bila kuzitazama. Desturi hiyo ina hasara yake. Mtoto anayeanza leo darasa la kipaimara, hasa katika sharika za mijini, mara nyingi amekwisha kumwona Musa kwenye runinga kabla hajakifungua Kitabu cha Kutoka. Humjia mwalimu wake akiwa tayari na Musa huyo moyoni, pamoja na Farao wake na bahari yake. Mwalimu asiyejua mtoto huyo amefundishwa nini hawezi kujua aanzie wapi.

Katika siku za karibuni tumetazama filamu nne za namna hiyo, baadhi kwa mara ya kwanza na nyingine kwa kuzirudia. Zote nne zimetokana na vitabu vitatu. Hatukusudii kuandika uhakiki wa kitaalamu wa sinema, maana hiyo si kazi yetu. Tunatoa maoni ya watazamaji tu, lakini watazamaji waliokabidhiwa pia huduma ya Neno. Kugeuza kitabu kuwa filamu ni kukifafanua. Mtengenezaji huchagua, huacha, huongeza, na katika kufanya hivyo hutuambia yeye anaona kiini cha kitabu ni nini. Kwa hiyo tunayo haki ya kuiuliza filamu lile tunaloyauliza mahubiri: je, inamwambia msikilizaji kwamba atapendwa akiwa mwema, au inamwambia kwamba amependwa?

Musa aliyepunguziwa makosa

Filamu ya kwanza ni The Prince of Egypt, iliyotolewa mwaka 1998 na kampuni ya DreamWorks. Watengenezaji wake walitafuta ushauri wa wataalamu na viongozi wa dini za Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu, na mwanzoni mwa filamu wanakiri waziwazi kwamba wamejipa uhuru wa kisanaa. Twawasifu kwa uungwana huo, na twaisifu kazi yenyewe. Mahali Musa anapoota juu ya watoto wa Waebrania waliotupwa mtoni, ndoto nzima imechorwa kama michoro ya ukutani ya Wamisri, na ukuta ule uliokuwa umenyamaza unaanza kutoa ushahidi. Pigo la wazaliwa wa kwanza nalo limeonyeshwa kwa utulivu wa kutisha, na mara baada ya pigo hilo tunamwona Musa akimlilia Farao ambaye katika filamu amelelewa naye kama ndugu. Ni mara chache sisi wahubiri tumemlilia Mmisri hata mmoja kutoka mimbarani.

Lakini tuangalie yaliyoachwa. Kutoka 2:12 inatuarifu kwamba Musa alitazama huku na huku, na alipoona hapana mtu alimwua Mmisri akamficha mchangani. Kutazama huko ni ushahidi wa nia. Katika filamu, Musa anakimbia kumzuia msimamizi anayempiga mtumwa mzee, na msimamizi anaanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Kosa limegeuka ajali. Haruni, ambaye katika Kutoka 4:14-16 amewekwa kuwa kinywa cha Musa, amefanywa mtu wa mashaka aliye pembeni, na Musa mwenyewe anasema kwa ufasaha bila kigugumizi cha kumsumbua. Filamu inafika mwisho Musa akishuka mlimani na mbao za amri mikononi, wakati chini ya mlima hakuna ndama wa dhahabu.

Badiliko lililo zito kuliko yote linahusu moyo wa Farao. Kitabu cha Kutoka kinasema mambo mawili pamoja, bila kuyapatanisha: Farao aliufanya moyo wake kuwa mgumu (8:15, 32), na Bwana aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu (9:12, 10:20, 27). Filamu imelichukua la kwanza na kuliacha la pili. Rameses wake ni mtu aliyelemewa na maneno ya baba yake, anayeogopa kuwa yeye ndiye atakayeuvunja mfululizo wa wafalme wa nyumba yao. Jambo hilo linaeleweka, tena linatia huruma. Lakini msomaji wa Luther anajua kwamba hapa hapagusi pembezoni mwa imani. Erasmus alipoandika mwaka 1524 kuutetea uhuru wa utashi wa mwanadamu, na Luther alipomjibu mwaka 1525, ugumu wa moyo wa Farao ulikuwa mmojawapo wa mifano waliyoibishania. Mtume Paulo alikuwa ameugusa kabla yao katika Warumi 9:17-18. Mtengenezaji wa filamu, bila shaka pasipo kukusudia, amesimama upande wa Erasmus.

Matokeo yake ni nini? Musa aliyepunguziwa makosa hahitaji sana kusamehewa. Mungu aliyepunguziwa ukuu hatutishi, lakini tena hatushangazi anapomchagua mwuaji aliyekimbia awe mkombozi wa watu wake. Mtoto anatoka na shujaa mzuri, ilhali habari ya neema imefifia.

Mwanasesere wa mbao na mshahara wa utu

Kitabu cha pili kinajulikana duniani kote. Carlo Collodi wa Italia alianza kuichapa hadithi ya Pinocchio kwa mafungu katika gazeti la watoto mwaka 1881. Mwanzoni aliikatiza katika sura ya 15, mwanasesere akiwa amenyongwa mtini kwa sababu ya upumbavu wake. Hadithi iliendelezwa baadaye na kutolewa kuwa kitabu kamili mwaka 1883. Ni kitabu kikali. Nyenje anayemwonya Pinocchio anauawa kwa kupigwa nyundo katika sura ya nne tu. Mwishoni Pinocchio anafanya kazi ya jasho ili kumpatia baba yake mgonjwa maziwa, anatoa akiba yake ili kumsaidia yule Bibi wa miujiza, na ndipo anapoamka akiwa mtoto wa kweli. Mwili wake wa zamani wa mbao unaonekana umeegemea kiti, hauna uhai.

Walt Disney aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu mwaka 1940. Ukali umepunguzwa, na nyenje aliyeuawa kitabuni amefufuliwa kuwa dhamiri ya mwanasesere, tena msimulizi mchangamfu. Pamoja na ulaini huo wote, Sheria imebaki ilivyo na imewekwa wazi zaidi. Pinocchio anapewa masharti tangu usiku wa kwanza: awe shujaa, mkweli, asiyejipendelea, ndipo atakapokuwa mtoto halisi. Akishindwa, pua inarefuka au masikio ya punda yanaota. Anapoyatimiza masharti, hata kwa kuutoa uhai wake, analipwa. Filamu hii inapendeza macho mpaka leo. Hata hivyo, tukiiuliza swali letu, jibu lake halina utata: utu ni mshahara, na baba atampata mwana wa kweli siku mwana atakapostahili.

Guillermo del Toro, akishirikiana na Mark Gustafson, aliitengeneza upya hadithi hiyo mwaka 2022, naye akaligeuza swali lenyewe. Filamu yake si ya michoro, bali ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Mwaka 2023 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Geppetto wa filamu hii ni seremala aliyefiwa na mwanawe Carlo kwa bomu lililoangukia kanisa wakati wa vita kuu ya kwanza, wakati baba huyo alipokuwa akishughulikia sanamu ya Msalaba. Miaka baadaye, akiwa amelewa kwa uchungu, anamchonga Pinocchio ili achukue nafasi ya marehemu. Mwanasesere hafanani na Carlo wala hana utii wake, na baba anafikia kumwita mzigo.

Ipo sehemu moja ambayo kila mwanafunzi wa theolojia angefaa aitazame kwa makini. Pinocchio, aliyetukanwa na waumini kanisani, anaitazama sanamu ya Kristo msalabani na kumwuliza baba yake kwa nini watu wanampenda yule, naye pia ni wa mbao, lakini yeye hawampendi. Swali hili ni la kitoto, na halijibiki kwa haraka. Kristo yule wa mbao, aliyedharauliwa na kukataliwa kama asemavyo Isaya 53, anaimbiwa na watu walewale wanaomkataa aliyedharauliwa mbele yao. Filamu imeuweka mkutano huo katika Italia ya Mussolini, ambako mtoto mwema ni yule anayetii amri na kwenda kufa vitani. Hivyo del Toro anatuonya kwamba si kila utii ni wema, jambo ambalo filamu ya mwaka 1940 haikuligusa.

Mwisho wake unatofautiana na ule wa Collodi na wa Disney. Anayebadilika hasa ni baba. Geppetto anakiri kwamba alitaka kumfanya mwana awe mtu mwingine, na anampenda jinsi alivyo. Pinocchio anafufuliwa, lakini anabaki wa mbao. Ni mwana, na bado ni ubao. Hatutaki kuivuta filamu hii mpaka iseme fundisho letu la mwenye haki ambaye papo hapo ni mwenye dhambi, kwa kuwa del Toro hakukusudia hivyo, na ubao si dhambi. Tena baba yetu wa mbinguni hakuhitaji kujifunza kupenda kama Geppetto. Twasema tu kwamba katika filamu hii uwana unatangulia ustahili, na kwamba hilo liko karibu zaidi na Luka 15 kuliko masharti ya usiku wa kwanza.

Roboti aliyelea kifaranga

Kitabu cha tatu ni The Wild Robot cha Mmarekani Peter Brown, kilichotolewa mwaka 2016, na filamu yake iliongozwa na Chris Sanders mwaka 2024. Sauti ya roboti Roz ni ya Lupita Nyong'o, binti wa wazazi Wakenya aliyekulia Kenya, na upole wa sauti hiyo umeibeba nusu ya filamu. Roz anatupwa na dhoruba katika kisiwa kisicho na watu. Katika kuanguka kwake anaua familia ya bata bukini, na linabaki yai moja. Kifaranga anapoangua, Roz anakuwa mama yake.

Tunaisifu filamu kwa kutolificha kosa hilo. Kifaranga anapokuja kujua ukweli anakasirika, nasi tunaona haki yake. Upatanisho unapofika, unatoka kwa yule aliyekosewa. Hapa filamu ya wanyama imesema juu ya msamaha jambo ambalo filamu ya Musa ilikosa nafasi ya kulisema, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kumpunguzia Musa kosa.

Yapo mawili ambayo hatukubaliani nayo. Kwanza, filamu inafundisha kwamba moyo mpya huchipuka ndani ya mtu mwenyewe, akiziasi tu amri alizowekewa na waliomwunda. Ezekieli 36:26 unataja moyo mpya kama kitu kinachotolewa na Mungu na kupokelewa. Pili, wakati wa theluji kali, mwindaji na mwindwa wanalala pamoja penye moto wa Roz baada ya kuahidiana kutoshambuliana. Mtazamaji Mkristo atakumbuka Isaya 11 mara moja, na ni vema akumbuke. Lakini amani ya kisiwani imeletwa na hofu ya baridi, wakati ile ya Isaya inakuja pamoja na chipukizi la shina la Yese. Mwalimu akizionyesha zote mbili, aieleze tofauti hiyo.

Hitimisho

Hatupendekezi filamu hizi zikatazwe, wala hatupendekezi zitumike mahali pa somo. Twashauri utaratibu mwepesi: andiko lisomwe kwanza, filamu ifuate, kisha watoto waulizwe ni nini kimeachwa na kwa nini. Watoto wa kipaimara wana macho makali. Watakuambia wenyewe kwamba ndama hakuonekana.

Swali hilo pia linaturudia sisi. Kila Jumapili mhubiri naye hugeuza kitabu kuwa kitu kingine, na naye huacha. Ni mara ngapi tumempunguzia Daudi makosa yake, tukaruka aya ngumu, na kufunga mahubiri kwa orodha ya masharti, kama usiku ule wa kwanza wa Pinocchio? Mtoto mchanga anapoletwa kwenye kisima cha ubatizo hajawa shujaa, wala mkweli, wala asiyejipendelea. Anaitwa kwa jina lake na kufanywa mwana kabla hajaweza lolote. Mtoto huyo akikua na kusikia mimbarani kwamba ni lazima astahili kwanza, mahubiri hayo yameupinga ubatizo wake, na sisi ndio tutakaoulizwa.