Fedha Isiyo Fedha: Uhakiki wa Istilahi za Sarafu za Madini ya Thamani

Mzee mmoja wa Mbebe, wilayani Ileje, mwalimu mstaafu, aliniletea sarafu nyeupe iliyofungwa katika kijaluba cha plastiki, pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiswahili. Alikuwa ameinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake kutoka kwa mchuuzi aliyepitia Tunduma. Karatasi ile ilisema: “Hii ni sarafu ya fedha ya toleo la chini. Ni fedha halali katika nchi iliyoitoa. Thamani yake ya uso ni mia moja.” Mzee aliisoma kwa makini, kama alivyozoea kusoma daftari za wanafunzi wake, akaelewa kwamba ananunua madini ya fedha, ya kweli, na machache. Sonara alipoikwangua ukingoni alikuta shaba. Mchuuzi alipoulizwa alijibu kwamba karatasi haikudanganya: sarafu ni ya fedha, yaani ya pesa, nayo ni fedha halali, yaani hupokewa kwa malipo huko ilikotolewa.

Hila ya mchuuzi ina wahusika wake wa kuishughulikia. Karatasi ile, hata hivyo, inatuhusu sisi tunaotafsiri, tunaofundisha na tunaoandika nyaraka za serikali, kwani kila istilahi iliyomo imetoka mikononi mwetu. Makala haya yanakusudia kuihakiki istilahi baada ya istilahi, na kupendekeza namna nyingine ya kusema. Haja ipo, na inakua. Tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamefunguliwa mikoani, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji wakubwa na wafanyabiashara wa dhahabu wametakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kuiuzia Benki Kuu. Maneno ya uzito, usafi na thamani ya madini sasa husomwa na watu ambao zamani hawakuwa na sababu ya kuyasoma.

Neno “fedha”

Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya madini meupe. Kwa kuwa malipo yalifanywa kwa madini hayo, jina likahamia kwenye malipo yenyewe, na hatimaye malipo yakatawala. Leo tuna Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha na fedha za kigeni, na hakuna anayefikiria madini. Mabadiliko ya namna hii si kasoro ya lugha. Ng'ambo ya mpaka, Wamalawi huita pesa “ndalama” na Wabemba wa Zambia “indalama”, maneno ambayo wataalamu wengi huyahusisha na dirhamu, na wenyeji hawapati taabu.

Taabu huanza pale maana ya kale na maana mpya zinapokutana katika sentensi moja. “Sarafu ya fedha” ni msemo ulioinama pande mbili. “Fedha halali” umeinama zaidi: kwa mwanasheria ni pesa ambayo mdai hawezi kuikataa, kwa mnunuzi wa kawaida ni madini ambayo hayakuchanganywa. Mwandishi wa karatasi ile hakuhitaji kusema uongo, maana lugha tuliyompa ilimtosha.

Yafaa basi tuweke kanuni. Panapozungumzwa madini, tuandike “madini ya fedha”, na kiwango cha usafi kifuate papo hapo: “sarafu ya madini ya fedha, sehemu 999 katika 1,000”. Iliyopakwa tu tuiite “sarafu ya shaba iliyopakwa madini ya fedha”, shaba ikitangulia. Panapozungumzwa sheria, tuandike “sarafu halali kwa malipo”. Maneno yataongezeka, ni kweli, lakini ufupi unaomgharimu mtu kiinua mgongo si ufasaha.

“Toleo la chini”

Msemo huu ni tafsiri ya neno kwa neno, na umebeba kosa lake waziwazi. Katika Kiswahili kitu cha chini ni kitu duni: bei ya chini, daraja la chini. Uchache wa idadi hatuuiti uchini. Tukisema “toleo dogo” tumekwisha kujikwamua, lakini bado liko swali la kitendo: sarafu inafanywaje? Wengine husema “kuchapa”, kama gazeti. Wengine “kutengeneza”, neno lisilokataa chochote.

Wahunzi na masonara wetu walikwisha kutupatia maneno mawili yanayotosha. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu; ndivyo mkuo wa dhahabu unavyopatikana. Kufua ni kuyapiga madini mpaka yashike umbo. Ndiyo maana tuna mfua dhahabu na mfua chuma. Sarafu hupigwa kwa mhuri wa chuma, haimiminwi. Basi mkuo husubiwa, sarafu hufuliwa, na “idadi iliyofuliwa” ndiyo istilahi tunayoitafuta. Atakayesema kwamba kufua ni kazi ya nguo akumbuke kuwa hakuna aliyewahi kumpelekea mfua dhahabu shuka.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji hupenda kuiacha gizani, kati ya toleo dogo na uadimu. Toleo dogo ni habari ya siku ya kufuliwa. Uadimu ni habari ya leo, ya zilizosalia zikilinganishwa na wanaozitaka. Mfano bora uko katika historia yetu. Mwaka 1916, utawala wa Wajerumani ukiwa umezingirwa na vita, ulifua huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilifuliwa 16,198 kwa jumla, katika aina mbili zinazotofautishwa na mahali pa pambo dogo katika maandishi: 6,395 za aina moja na 9,803 za nyingine. Kwa sarafu ya dola, hilo ni toleo dogo. Uadimu wake wa leo, hata hivyo, haukutokana na hesabu hiyo peke yake. Umetokana pia na vita, na tembo yule, na wakusanyaji wa nchi nyingi wanaoitafuta. Sarafu iliyofuliwa mara 500 ambayo hakuna anayeitaka ni chache, wala si adimu. Vilevile tutenganishe “idadi iliyofuliwa” na “kikomo kilichotangazwa”, kwani muuzaji huweza kutangaza kikomo ambacho hakijafikiwa, au ambacho hakitafikiwa kamwe.

Thamani tatu

“Thamani ya uso” ni tafsiri nyingine iliyokosa makazi. Sarafu zetu zina pande mbili, na picha ya kiongozi haina thamani yake peke yake. “Thamani iliyoandikwa” inaeleweka hata na mtoto wa shule. Lakini sarafu za aina hii zina thamani tatu, na ubaya wa maelezo mengi ni kuziita zote “thamani”.

Tuchukue sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 iliyotolewa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1974, pamoja na zile za madini ya fedha za shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, katika mfululizo wa kuhimiza hifadhi ya wanyamapori. Upande mmoja ina sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili duma. Uzito wake ni gramu 33.437, dhahabu sehemu 900 katika 1,000. Zilifuliwa 2,779 za kawaida na 866 za uso uliong'arishwa kama kioo. Thamani yake iliyoandikwa haitoshi leo kununua kilo moja ya sukari. Thamani ya madini yake, takriban gramu 30 za dhahabu safi, ni mamilioni ya shilingi. Thamani ya tatu ni ile atakayoilipa mkusanyaji kwa kuwa ni mojawapo ya zile 866. Ya kwanza huwekwa na sheria, ya pili na mizani, ya tatu na hamu ya watu. Ya tatu ndiyo yenye kuyeyuka upesi kuliko zote, nayo ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa kuliko zote.

Kutokana na thamani hizi twaweza kupata majina. Sarafu tunayoipokea kwa hesabu sokoni ni “sarafu ya mzunguko”. Iliyotolewa kwa ajili ya tukio au jambo ni “sarafu ya kumbukumbu”. Ile inayouzwa kwa kufuata bei ya madini yake siku hiyo haijapata jina tulivu. Mfano wake ni randi ya dhahabu ya Kruger ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1967 bila kuandikwa thamani yoyote ya pesa, au sarafu za Somalia zenye tembo, zinazofuliwa Ujerumani tangu 2004. Wapo waiitao “sarafu ya thamani”, kana kwamba nyingine hazina. Wapo waiitao “sarafu ya madini”, kana kwamba nyingine ni za mbao. Na wapo waiitao “sarafu ya uwekezaji”, jina linaloahidi faida kabla ya kusema kitu chenyewe. Napendekeza “sarafu ya mizani”. Jina hili linamwambia mnunuzi afanye nini: aipime.

Uzito na wakia

Kupima nako kuna mitego miwili. Wa kwanza ni uzito wa sarafu nzima na uzito wa madini safi. Sarafu ya Tabora ina gramu 7.168, lakini dhahabu ni sehemu 750 katika 1,000, yaani gramu 5.376. Sarafu ya Kijerumani ya marki 20, iliyohesabiwa kuwa sawa nayo, ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu safi. Tarakimu ni ileile, na tofauti ni robo nzima.

Mtego wa pili ni wakia. Wakia ya dukani ni gramu 28.35, wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Masonara wengine hupima kwa tola, yaani gramu 11.66. Mtafsiri aandikaye “wakia moja” bila gramu amemwachia msomaji kubahatisha.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Waliita sarafu ya Maria Theresa “riale ya Sham”, na ile ya Hispania yenye nguzo mbili wakaiita “riale ya mzinga”, kwa kuwa nguzo zilifanana na mizinga. Hawakuridhika na “riale” tupu, kwa kuwa madini hayakuwa sawa na bei haikuwa sawa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, naomba wasomaji wayajadili haya: madini ya fedha, kwa chuma cheupe, sarafu halali kwa malipo, kwa hadhi ya kisheria, kufua na idadi iliyofuliwa, kwa utengenezaji na hesabu yake, kikomo kilichotangazwa, kwa ahadi ya mtoaji, toleo dogo, lisichanganywe na adimu, thamani iliyoandikwa, thamani ya madini na thamani ya ukusanyaji, uzito mzima na uzito safi, na sarafu ya mizani. Mwenye neno bora zaidi na alilete.

Niliiandika upya karatasi ya mzee kwa istilahi hizi: “Sarafu ya shaba iliyopakwa madini ya fedha. Ni halali kwa malipo katika nchi iliyoitoa tu, kwa thamani iliyoandikwa ya mia moja. Idadi iliyofuliwa haikutajwa.” Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema: “Hii ningeielewa pale pale sokoni, na pesa yangu ningerudi nayo nyumbani.”