Mgeni Mwenye Nguvu Kuliko Mwenyeji: Uhakiki wa Moduli ya ESP-01 katika Mifumo ya Mikroprosesa

Kazi ya kuunganisha mikroprosesa iliyomo ndani ya kifaa na mtandao pasiwaya huelezwa mara nyingi kama kuongeza kiungo kimoja: mfumo upo tayari, kisha unapachikwa redio. Uhakiki huu unaupinga mtazamo huo kwa kuchunguza moduli ya ESP-01, iliyoanza kujulikana kwa mafundi wengi nje ya China mwaka 2014. Moduli hiyo ilitengenezwa na Ai-Thinker kwa kutumia chipu ya ESP8266 ya kampuni ya Espressif Systems ya Shanghai.

Ubora wake mkuu ni wepesi wa lugha yake. Mikroprosesa huiamuru moduli kwa maandishi mafupi yanayoanza kwa herufi AT, mtindo uliorithiwa kutoka modemu za simu za Hayes za mwaka 1981. Urithi huo ulimwezesha mtu mwenye bodi ya Arduino Uno, ambayo kumbukumbu yake ya muda ni kilobaiti 2 tu, kufika kwenye intaneti bila kuandika mwenyewe programu ya itifaki za mtandao. Kwa kuwa bei nayo ilikuwa nafuu, wanafunzi na mafundi wa kipato kidogo walifunguliwa mlango.

Hata hivyo, wepesi huo unaficha mambo matatu. La kwanza ni umeme. Pini ya volti 3.3 ya Arduino Uno imekusudiwa kutoa miliampea 50, ilhali ESP8266 inaporusha mawimbi huweza kuhitaji takribani miliampea 170. Moduli hujizima na kujiwasha upya katikati ya kazi, na fundi huhangaika kutafuta kasoro kwenye programu wakati kasoro iko kwenye chanzo cha umeme. Aidha, Uno hutuma ishara za volti 5 kwa chipu iliyobuniwa kwa volti 3.3.

La pili ni mgawanyo wa kazi. Uno ina prosesa ya biti 8 yenye kasi ya megahezi 16. ESP8266 ina prosesa ya biti 32 yenye kasi ya megahezi 80. Mtumishi, basi, ana nguvu kumzidi bwana wake. Espressif ilipotoa zana za kuandikia programu za chipu hiyo mnamo Oktoba 2014, ilidhihirika kwamba katika kazi nyingi ndogo mikroprosesa ya awali haikuhitajika tena. Kilichoitwa nyongeza kilikuwa kompyuta kamili.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni usalama. Pampu inayoendeshwa kwa swichi huamriwa na aliye karibu nayo. Ikiingizwa mtandaoni, yeyote anayeifikia anaweza kuiamuru, isipokuwa mbunifu awe ameweka kizuizi. Programu hasidi ya Mirai ilionesha gharama ya kulipuuza jambo hili: mwaka 2016 iliteka kamera na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba vifaa vya aina hiyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki. Tukio hilo halikuihusu ESP-01 mahususi, lakini linahusu fikra ileile ya kuutazama mtandao kama pambo la mwisho.

Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mifumo hii, mwenyeji hupona iwapo tu nyumba imeandaliwa upya kabla ya mgeni kuingia: umeme umekadiriwa, kazi zimegawanywa na mlango umewekewa kufuli. ESP-01 inastahili sifa kwa kuufungua mlango. Udhaifu wake ni kuwafanya wengi waamini kwamba kufungua mlango ndiyo kazi yote.