Siku Kumi na Saba za Mkulima wa Urambo

Kanuni ya 10 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009 inaruhusu muda uongezwe pale mwombaji anapoonyesha sababu nzuri, ila haisemi sababu nzuri ni ipi. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2011 katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, kuchelewa kwenyewe kusipindukie, aonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna hoja nzito ya kisheria, mfano uharamu ndani ya uamuzi, aitaje. Kigezo cha kwanza ndicho kinachoangusha watu. Tuseme mkulima wa Urambo kashindwa shauri la shamba Mahakama Kuu Tabora tarehe 3 Machi. Notisi ya rufaa ina siku 30, mwisho 2 Aprili. Alilazwa hadi tarehe 10, na ombi lake, ambalo huanzia Mahakama Kuu, likaingia masjala tarehe 28. Cheti cha hospitali kinamfikisha tarehe 10 tu. Zinabaki siku 17, na kiapo kinachosema "nilikuwa natafuta wakili" hakijajibu kitu: wakili yupi, lini, na kama ni ndugu aliyetumwa mjini, kiapo cha ndugu huyo kiko wapi?

Wapo wanaosema huu ni ukatili kwa watu wa mbali. Hoja ina mashiko. Kabla Kigoma haijapata masjala yake ya Mahakama Kuu, wadaawa walikuja Tabora, kilomita 400 hivi, kwa reli. Lakini aliyeshinda naye huenda ni wa kijiji hichohicho, na hawezi kulilima shamba kwa amani wakati rufaa inaweza kuibuka siku yoyote. Umbali ni maelezo ya siku kadhaa zinazotajwa kwa tarehe. Hauwezi kuwa msamaha wa jumla. Wengine hukimbilia uharamu, wakiegemea shauri la Valambhia la 1992, lililokubali uharamu kuwa sababu nzuri. Mlango huo upo, ila uharamu lazima uonekane waziwazi kwenye kumbukumbu, si wa kuchimbuliwa kwa hoja ndefu.

Ukali huu, hata hivyo, ni wa haki pale tu kila mmoja anapobebeshwa siku zake. Sheria inalijua hilo. Kanuni ya 90 inaondoa kwenye hesabu ya rufaa ya madai siku ambazo Msajili alitumia kuandaa nakala za mwenendo, mradi ziliombwa kwa maandishi ndani ya siku 30. Mfungwa wa gereza la Uyui, Tabora, hukabidhi karatasi zake za rufaa kwa mkuu wa gereza. Zikikaa kwenye droo, kosa si lake. Hata mfumo wa kuwasilisha nyaraka kielektroniki ukigoma, kanuni zake za 2018 zinampa mhusika hadi saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata kuomba nafuu. Udhaifu uko kwenye ushahidi: taasisi ina daftari, mwombaji ana kumbukumbu ya kichwani. Basi masjala na magereza ya kanda ya Tabora yagonge muhuri wa tarehe kwenye kila barua yanayoipokea, na nakala yenye muhuri huo irudi mkononi mwa aliyeileta siku hiyohiyo.