Frasila za Mtoto Mchanga

Wodini katika hospitali ya Kitete, Tabora, kama kwingine nchini, watu bado husema mgonjwa ameongezewa chupa mbili za damu, ingawa kinachoning'inia juu ya kitanda ni mfuko wa plastiki. Jina limebaki kwenye kioo, damu imehama. Plastiki ya PVC kwa asili ni ngumu; hulainishwa kwa DEHP, ambayo yaweza kufika theluthi ya uzito wake. Kilainishi hicho hakijaungana na plastiki, kimekaa tu ndani yake. Maji hayakivuti sana. Damu, kwa mafuta yake, hukivuta siku baada ya siku. Mwaka 1970 Rudolph Jaeger na Robert Rubin, watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani, walikikuta ndani ya damu iliyohifadhiwa mifukoni.

Ufundi unaostahili sifa hapa hauonekani wodini: kukadiria ni kiasi gani cha kilainishi kitamfikia mgonjwa. Fundi wake huanza na dhana kali kuliko zote, kwamba kilainishi chote kitatoka kwa mkupuo. Dozi ikionekana ndogo hata hivyo, kazi imekwisha. Ikizidi, ndipo anapokokotoa unene wa plastiki, joto na muda, na akilazimika kukosea, hukosea upande wa kumlinda mgonjwa. Mwishowe huigawanya dozi kwa uzito wa mwili. Tabora ya misafara ililijua hilo, kwamba mzigo hufuata mwili: mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kipimo cha kale cha uzito, mtoto aliyeandamana naye akapewa mkeka au sufuria. Tuseme miligramu 6 zimetoka. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 0.1 kwa kilo; kwa kichanga wa kilo 3 ni 2, wakati kikomo kilichokadiriwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2001, kwa kinachoingia mshipani, ni 0.6 kwa kilo kwa siku.

Atasema mtu: mtoto anakufa kwa upungufu wa damu, nanyi mwahesabu plastiki? Tena DEHP yenyewe husaidia seli nyekundu zidumu mfukoni. Ni kweli, na hakuna hesabu ya haki itakayomnyima mtoto damu. Inachosema ni kwamba mfuko uliokaa siku chache umebeba kidogo kuliko uliokaa mwezi, basi kichanga apewe kwanza ule mpya. Tarehe ya kutolewa damu imeandikwa kwenye lebo ya mfuko, uzito wa mtoto uko kwenye faili lake. Tumezoea kuvisoma kila kimoja peke yake, na mfuko ukiisha hutupwa pamoja na lebo yake.