Upande wa Ndani wa Gauni: Mwongozo wa Kupima Ushonaji wa Nyumbani katika Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940 hadi Buruburu na Umoja zilizofuata katika miaka ya 1970, cherehani ya nyumbani huwekwa karibu na dirisha la sebule na hutumiwa jioni baada ya kazi, au mwishoni mwa juma. Mwenye cherehani hiyo hutofautiana na fundi wa kibandani kwa jambo moja lenye uzito kuliko mengine: fundi hulipwa kwa kila vazi, kwa hiyo kila nusu saa anayoiongeza kwenye gauni humtoka mfukoni, ilhali mshoni wa nyumbani hana mteja anayemsubiri mlangoni. Kwa sababu hiyo, kazi ya mshoni wa nyumbani inastahili kupimwa kwa yale yanayodai muda, na mengi ya hayo yamo upande wa ndani wa vazi.

Ukaguzi huanzia kwenye kitambaa. Kitenge cha nta, yaani kile ambacho sehemu zake hufunikwa kwa nta au ulimbo ili rangi isipenye, huwa na rangi inayokaribiana pande zote mbili, pamoja na vijistari vyembamba visivyo na mpangilio pale ulimbo ulipopasuka. Kile kilichochapwa upande mmoja tu huonekana kimepauka nyuma. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, huchapa jina lake kwenye ukingo wa kitambaa, lakini maandishi ya ukingoni huigwa kwa urahisi, hivyo ni salama zaidi kukigeuza kitambaa na kukitazama nyuma. Anayetaka kutambua pamba huchomoa nyuzi mbili tatu na kuziwasha: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Jaribio hilo huwafaa hasa wanaonunua mashuka ya mitumba katika soko la Gikomba ili kuyageuza kuwa nguo za watoto, desturi inayostahili heshima zaidi kuliko inayopewa, kwa kuwa shuka la pamba lililokwisha kufuliwa mara nyingi limemaliza kuruka. Kuruka, katika lugha ya mafundi, ni kitambaa kupungua urefu au upana baada ya kuloweshwa. Pamba mpya iliyokatwa bila kuloweshwa na kukaushwa kwanza hujifichua mapema: baada ya kufuliwa mara ya kwanza, mgongo wa gauni hujikunja mawimbi kando ya zipu, kwa maana pamba imeruka na utepe wa zipu, ambao ni wa poliesta, haukuruka.

Baada ya hapo vazi hupinduliwa. Cherehani ya kawaida hushona kwa nyuzi mbili, wa juu upitao kwenye sindano na wa chini utokao kwenye bobini, nazo hupaswa kukutana katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa chini ukionekana kama kamba iliyonyooka ambayo ule wa juu umeishika kwa vitanzi vidogo, basi uzi wa juu umelegea, na mshono huo utafumuka kwapani kabla ya kwingineko. Mishono kumi kwa inchi moja hutosha kwa kitenge. Ikiwa mirefu mno mshono huachama unapovutwa, na ikiwa mifupi mno sindano hukitoboa kitambaa hadi kudhoofika.

Kingo za ndani ndizo zinazoonyesha subira ya mshoni. Wengi hupeleka nguo kwa fundi mwenye mashine ya ovaloki, inayozungushia ukingo nyuzi ili usifumuke, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Hata hivyo, ipo njia bora kwa vitambaa vyepesi: kushona kwanza pande mbaya zikitazamana, kupunguza ukingo, kisha kupindua na kushona tena ili kingo zote zifungiwe ndani ya mshono. Kazi hiyo huchukua karibu mara mbili ya muda, na ndiyo sababu huonekana mara chache kwenye nguo zinazouzwa. Pasi nayo huacha ushahidi, kwa kuwa mshono uliopigwa pasi kabla haujavukwa na mwingine hulala bapa, na ule uliosubiri pasi ya mwisho hubaki na uvimbe kwenye makutano.

Mapambo ya kitenge hudai uangalifu wa aina yake. Ndege aliyechapwa asisimame kichwa chini mgongoni, na duara kubwa lililokatwa na mshono wa ubavuni liendelee upande wa pili bila kuteleza. Kulinganisha namna hiyo hula kitambaa, kwa hiyo mabaki machache ya kitenge cha yadi sita yanaweza kuwa dalili ya mkataji mwangalifu, wala si ya mfujaji.

Sare ya shule, ambayo wazazi wengi huinunua Soko la Uhuru kando ya Barabara ya Jogoo, ikishonwa nyumbani hupimwa kwa upindo wake, yaani sehemu ya chini iliyokunjwa kwa ndani. Upindo wa inchi mbili hadi tatu huacha akiba ya kushusha sketi mtoto anaporefuka, lakini akiba hiyo haifai kitu ikiwa imeshonwa kwa mishono midogo ya cherehani, ambayo ikifumuliwa huacha mstari wa matundu kuzunguka sketi nzima. Upindo mzuri hushonwa kwa mkono, kwa mishono iliyoachana, kila mmoja ukidaka uzi mmoja au nyuzi mbili tu za kitambaa cha nje, ili wembe ukipitishwa kuufumua kusibaki alama ila mkunjo, ambao maji na pasi ya moto huuondoa.